Bado Inaoshwa

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa gatini Homa Bay, namenya chungwa, nikitazama watu wakishusha magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani. Msichana mmoja akanijia na kamera ya zamani, ya chuma, nzito, yenye kidirisha kidogo juu.

"Mathe, naweza kukupiga moja? Vile umekaa hivyo. Usisonge."

Nikakubali. Kitu kipya sijawahi kukikataa maishani, na hiyo ndiyo sababu sina nyumba wala mahali pa kuitwa kwangu. Akaweka jicho kwenye kidirisha, akazungusha zungusha pete ya mbele, kisha ukatoka ule mlio mdogo, kama wa mtu anayeua chawa kwa kucha. Nikamwambia anionyeshe.

Akacheka. "Hii haina kioo cha kuonyesha, mathe. Ni filamu, ile ya nyeusi na nyeupe. Mpaka ioshwe."

Nikainuka nikaondoka. Chungwa nililiacha palepale gatini. Msichana wa watu hakuwa amenikosea lolote, na najua aliniona mama mwenye wazimu. Lakini nikwambie ukweli, rafiki yangu: wengine huogopa nyoka, wengine huogopa maji. Mimi naogopa neno hilo, kuoshwa, likitamkwa na mtu aliyeshika kamera.

Nilizaliwa Kendu Bay, mji mkuukuu wa ziwani, wakati maduka ya Wahindi yalikuwa bado na milango mizito ya mbao ingawa wenyewe wengi walikuwa wameshaondoka. Asubuhi kulinuka moshi wa kukausha samaki. Jumamosi hakukupikwa kitu kwa sababu ya Sabato, tukala viporo vya Ijumaa, na mji mzima ukawa kimya hadi ukisikia kuku akikwaruza mchanga unageuka.

Nyumbani kwetu tuliongea Kiswahili. Si kwa maringo. Baba alikuwa Mjaluo wa hapohapo, mama alikuwa Mkuria wa Ntimaru, kule juu mpakani. Walikutana Migori, kila mmoja akibahatisha, wakatongozana kwa Kiswahili cha sokoni, na hicho ndicho kilichobaki kuwa lugha ya mezani. Majirani walitucheka. "Nyinyi mnaongea nyumbani kama askari na mshukiwa," walisema, kwa sababu kwetu Kiswahili kilikuwa cha ofisini na kituo cha polisi. Nyanya, mama wa baba, hakukipenda. Alimwagiza mama kwa kidole: lete kile, ondoa hiki. Mama naye alipika ugali wake wa wimbi, mwekundu, mzito, akala na mimi jikoni huku akichambua samaki mwiba mmoja mmoja, kwa woga, kama mtu anayetegua bomu.

Mikono yake naikumbuka. Sauti yake naikumbuka pia, hasa namna alivyokuwa akiita jina langu na kuliacha lining'inie. Uso wake sina.

Baba alipokufa, wazee walikaa kikao. Kulikuwa na binamu yake baba, mtu mzima mwenye wake wawili, na ndiye aliyepangwa amchukue mama. Mama aliwajibu kwa Kiswahili, na wengine ikabidi watafsiriwe: "Mimi si jembe. Jembe ndilo likivunjika mpini huwekewa mwingine." Kanisani walimsifu kwa maneno hayo. Nyumbani hawakumsifu. Walimwambia kama hataki kukaa, arudi kwao, lakini ng'ombe za mahari zilikwenda Ntimaru, kwa hivyo mtoto atabaki. Mtoto huyo ni mimi.

Mama hakubishana tena. Aliomba kitu kimoja tu: apigwe picha na mimi, zitoke mbili, moja aende nayo na moja nibaki nayo. "Huyu atakua," alimwambia nyanya. "Nitapita karibu naye sokoni asinijue."

Nyanya akafikiri. "Picha haili ugali," akasema, na hiyo kwake ilikuwa ndiyo.

Mpiga picha alikuwa jirani yetu, kwenye chumba cha nyuma cha duka moja la Mhindi. Alikuwa amemfanyia huyo Mhindi kazi ya kufungua na kufunga milango, na tajiri alipohama akamwachia kamera. Ilikuwa kamera ya chuma, ya kidirisha. Mji mzima ulimheshimu kwa ajili ya chuma hicho. Kwetu, mazishi bila picha ya jamaa waliojipanga nyuma ya jeneza ni kama mazishi ambayo hayakufanyika, na siku ya mazishi yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote. Nilimsikia mwenyewe akimwambia mchungaji, mbele ya umati, "Pasta, rudi nyuma, tumbo linaingia." Na pasta akarudi.

Alitupiga picha asubuhi moja ya Jumapili, nje, kwenye ukuta wa ghala, kwa sababu alisema mwanga wa pale ni mzuri. Mama alikuwa amenipaka mafuta mpaka nikang'aa. Alisimama nyuma yangu, mkono wake mmoja umenishika shingoni, kidole gumba kikinipapasa nyuma ya sikio. Nikageuza kichwa juu nimtazame.

"Wee mtoto!" akafoka mpiga picha. "Macho hapa!"

Nikageuka mbele. Lakini kile kidole kilinipapasa tena, nikainua kichwa.

"Mtoto huyu ana shingo ya korongo! Mama yako utamwona kwa picha. Sasa tazama hapa, kwa jicho la kamera, usipepese."

Nikatazama hapo. Nilikuwa mtoto wa kutii wakati huo.

Mama alikaa siku chache zaidi kwa mama mmoja wa kanisa, akingoja lori la mahindi litakalopandisha hadi Migori. Kila asubuhi alikwenda kwa mpiga picha, na kila asubuhi alirudi mikono mitupu. "Inaoshwa," aliambiwa. "Wewe nenda tu, mama. Nitakutumia na wafanyabiashara." Basi akaenda. Alipanda lori kwenye mahindi, akanipungia kitambaa, na lile vumbi lilikuwa jingi sana.

Kuanzia hapo nilikuwa napita kwa mpiga picha nikitoka shule.

"Shikamoo. Picha yetu?"

"Bado inaoshwa."

Sasa elewa, mimi kuosha nilikokujua ni kwa ziwani. Unaloweka nguo, unapaka sabuni, unasugua kwenye jiwe, unapiga, unakamua. Sare yangu ya shule ilikuwa ya buluu, na kwa kuoshwa hivyo ikawa rangi ya maji ya wali. Nikaanza kuona usiku uso wa mama ukiwa kwenye beseni, unasuguliwa. Siku moja nikakusanya ujasiri nikamwambia, "Baba, tafadhali msisugue sana. Atafifia."

Alicheka mpaka akashika mlango. Na baada ya siku hiyo akaupenda mchezo. "Leo tumeanika," alisema. Siku nyingine: "Leo ilinyesha, ikabidi tuloweke tena." Mimi niliamini. Nilipiga magoti usiku nikamwomba Mungu alete jua.

Watoto wa shule walijua. Wakanitungia wimbo: mama yake anaoshwa, mama yake anaoshwa. Wewe unajua kwa watu wetu ni nani huoshwa kisha watu wakakaa wakilia: maiti. Mmoja nilimng'oa jino kwa sababu ya wimbo huo, na mwalimu akanichapa mimi.

Kutoka Ntimaru zilikuja salamu, kwa midomo ya wanawake waliofuata soko la Kendu Bay na ndizi na maharagwe. Mama anauliza kama ninasoma. Mama anauliza kama nimeota meno ya mbele. Mama anauliza, picha imeoshwa? Kila salamu ilimalizikia hapo. Na mimi nilijibu kama nilivyojibiwa: bado.

Kisha siku moja mwanamke wa maharagwe alimpa nyanya mkono, akaushikilia, akasema, "Poleni na msiba." Nyanya akauliza msiba gani. Yule mwanamke akaanza kutazama maharagwe yake. Alidhani tumeshaambiwa. Mama alikuwa amekufa kwa homa na kuzikwa kitambo, na hakuna mtu aliyeona haja ya kutuma habari kwa watu waliomfukuza. "Marehemu alikuwa akinisumbua sana kuhusu hiyo picha yenu," yule mwanamke akaniambia mimi, kwa upole, akinijazia maharagwe kwenye mikono yangu miwili. "Alisema ameshapata mahali ukutani pa kuiweka."

Niliacha shule nikiwa darasa la sita. Watu husema niliacha kwa ajili ya omena, kwamba nyanya alitaka mikono ya kuanika. Ni kweli aliitaka. Lakini niliacha kwa sababu njia ya kwenda shule ilipita mbele ya mlango ule, na nilikuwa nimeanza kuokota mawe.

Nikaondoka. Sikuwahi kuacha kuondoka. Nimechuuza viazi vitamu Oyugis, nimepepeta mchanga wa dhahabu Migori, nimepika kwenye kambi ya barabara. Nikisikia kuna kazi nisiyoijua, moyo huniwasha mpaka niijue, nikishaijua naihama. Nilifika Ntimaru pia. Mama mdogo, ndugu yake mama, alinionyesha mahali alipozikwa mama, ndani ya mahindi, bila alama. Nikamwuliza kama kuna picha yake yoyote, hata ya kipande, ile ya kitambulisho. Akasema kipande kilirudishwa kwa chifu, kama sheria inavyotaka mtu akifa. Nikamwuliza, basi mama alikuwa anafanana na nani? Akanitazama, akacheka kwa huzuni. "Wewe umefanana na hao watu wa ziwa," akasema. Hata kioo hakikunisaidia.

Migori ndiko nilikojifunza kuosha picha. Nilipata kazi ya kufagia kwenye studio, na kwa kuwa nauliza sana, mwenye studio akachoka kunijibu akaona afadhali anifundishe. Chumba cha giza, taa nyekundu, harufu ya siki inayokaa kwenye vidole hata ukisonga ugali. Filamu unaiingiza kwenye kopo bila kuiona, kwa kupapasa, kama unavyotafuta kifungo kwenye gunia. Unatia dawa, unatikisa, unamwaga, unatia nyingine. Kisha maji. Kisha unaitundika kwenye kamba kwa kibanio cha nguo. Siku ya kwanza mwenye studio aliponiambia tumemaliza, nilidhani ananitania. Ulikuwa muda wa kuivisha ugali wa watu wengi, basi.

"Na kama ni filamu ngumu?" nikamwuliza. "Inaweza kuoshwa hata miaka mingapi?"

"Miaka?" akasema. "Hiyo labda ya shetani."

Nikatoka nje nikakaa juu ya ndoo. Kwa hivyo nilijua nimedanganywa. Lakini kwa nini, sikujua. Kwa miaka mingi nilidhani nyanya alimkataza, au yule binamu wa baba. Niliwachukia wafu wa watu bure.

Jibu nililipata Homa Bay, bila kulitafuta, kwenye kibanda cha chai. Nilikuwa nimeingia kwa chai na chapati. Mezani kulikuwa na fundi wa baiskeli, mama mwenye kibanda, na mzee mmoja aliyefunga sweta hadi shingoni. Sura yake ilikuwa imekwisha, lakini aliposema "songa nipite," mgongo wangu ukamjua: ni yule mpiga picha wetu. Alikuwa amehamia kwa binti yake. Walikuwa wanazungumzia simu, namna siku hizi kila mtu ni mpiga picha.

"Sasa mzee, si hata nyinyi wa zamani mlikuwa mnakata watu vichwa?" akamchokoza fundi.

"Kichwa sikukata hata kimoja. Mimi dhambi yangu ni kifuniko."

"Cha sufuria?" akauliza mama wa kibanda.

"Cha kamera, wewe mpenda kula! Kamera ile haikuwa kama hizi zenu. Wewe unatazama kwa kidirisha chake hapa juu, filamu inatazama kwa jicho lake hapa chini. Ukisahau kifuniko kwa jicho, wewe unaona dunia yote, filamu imelala kama jaji." Wakacheka. Akasogeza kikombe, nikajua hadithi hii ameisimulia mara nyingi. "Kulikuwa na mama Mkuria pale kwetu Kendu, mjane, anataka picha na mtoto wake. Nikawapanga kwa ukuta, nikapiga. Nikaosha jioni hiyohiyo. Filamu inatoka safi kama dirisha la benki! Hakuna hata nzi!"

"Si ungewaita upige tena?"

"Niseme nini? Kesho yake nina mazishi ya mwalimu mkuu. Watu waseme huyu atatupiga jeneza na kifuniko? Nikamwambia mama, inaoshwa. Akaja tena, inaoshwa. Mama akaenda zake. Sasa kumbe mtoto ndiye shida! Kila siku yuko mlangoni." Akakunja mabega, akatoa sauti nyembamba ya mtoto. "'Baba, tafadhali msisugue sana. Atafifia.'"

Kibanda kizima kikavunjika mbavu. Fundi akapiga meza, chai yangu ikamwagika. Mama wa kibanda alifuta macho kwa aproni. "Mzee, wewe utachomwa! Wallahi shetani ameshakuwekea kuni!"

"Na huyo mtoto?" fundi akauliza.

"Alichoka. Watoto husahau."

Nami nilikuwa nimetabasamu. Uso hufanya hivyo wenyewe watu wote wakicheka. Nilikuwa nakumbuka lile jicho la kamera nililoambiwa nilitazame. Lilikuwa jeusi, bapa, halina mng'aro. Sikuwa nimewahi kuona kamera kwa karibu, nikadhani ndivyo macho ya kamera yalivyo.

"Mzee," nikasema, "huyo mama alifanana vipi?"

"Nani?"

"Huyo Mkuria."

"Kwa nini unauliza?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nakuomba msisugue."

Mama wa kibanda aliinama kwenye jiko, akaanza kupanga makaa ambayo hayakuhitaji kupangwa. Fundi akatafuta kofia yake, nayo ilikuwa kichwani. Mzee aliweka kikombe chini.

"Nyathina," akasema. Mwanangu. "Nisamehe, nyathina. Mimi—"

"Sitaki pole, mzee. Uliiosha jioni hiyo, na yeye bado alikuwa Kendu, anakuja mlangoni kwako kila asubuhi. Hilo umeshalisema na watu wamecheka. Mimi nataka kitu kimoja. Siku ile mimi ulinikataza nisimtazame. Wewe ndiye uliyemtazama. Niambie uso wake."

Alifumba macho. Mikono yake ikainuka yenyewe, ikashika kamera ambayo haikuwepo, na kidole kikaanza kuzungusha pete hewani. Nilimwona anatafuta. Sitamwonea: alitafuta kwa kweli, mpaka jasho likamtoka ndani ya lile sweta.

"Kwa kile kidirisha," akasema taratibu, "mtu anatokea mara mbili. Wawili, mmoja juu ya mwingine, kama umelewa. Unazungusha mpaka wawe mmoja. Lakini huwezi kuwalinganisha hivihivi. Unatafuta mstari ulionyooka, unaushika huo, unausogeza mpaka ukutane na mwenzake." Akafumbua macho, na yalikuwa yamelowa. "Uso hauna mstari, nyathina. Mimi nilishika mshono wa bega. Hapa." Akagusa bega lake mwenyewe. "Mshono ulikuwa umeachia kidogo. Uzi ulikuwa mweupe na nguo ya rangi nzito. Huo naukumbuka mpaka leo."

"Na uso?"

Akatikisa kichwa.

Alikufa mvua zilizofuata. Kwenye mazishi yake, nasikia, hakukuwa na picha yake yoyote ya kuweka juu ya jeneza, ikabidi wakuze ile ya kipande, yenye macho ya mtu aliyeshtuliwa ofisini. Chumbani kwake Kendu Bay sasa huuzwa vifuniko vya simu na chaja. Studio ya Migori ilifungwa, na mwenyewe alilima shamba akafa nalo. Watu huniambia haya yote kwa masikitiko, kwamba zamani picha ilikuwa na thamani, kwamba mtu alijipaka mafuta, akasimama wima, akangoja. Mimi nawasikiliza na kunywa chai yao. Nilingoja kuliko wao wote.

Sijamchukia yule mzee kama nilivyotaka. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi. Lakini kila nikilala naukuta ule ukuta wa ghala, mwanga mzuri wa asubuhi, na sisi tumepangwa. Yeye macho yake yako kwenye mshono. Mimi macho yangu yako kwenye kifuniko. Mama naye, nyuma yangu, ametazama kifuniko hichohicho, kwa sababu naye aliambiwa. Tulikuwa watu watatu pale, tumekusanyika kwa ajili ya uso wa mama yangu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akiutazama.